Simu ya Kukunja



Siku hizi zinauzwa simu zikunjwazo kama kitabu. Faida yake yaonekana: ikifunuliwa, kioo huwa kipana, hata mwenye macho hafifu husoma bila taabu, ikikunjwa, yaingia mfukoni.

Lakini kizuri hakikosi ila. Mwezi wa Aprili 2019, kampuni ya Samsung ilipokaribia kuuza simu yake ya kwanza ya namna hiyo, baadhi ya waliopewa kuijaribu waliona vioo vyake vikiharibika baada ya siku chache. Ikabidi kuitengeneza upya mpaka Septemba. Bei yake ilikuwa karibu dola 2,000. Tangu hapo zimeimarishwa, na nyingine hustahimili maji. Lakini kioo cha ndani ni laini, na vumbi likiingia katika bawaba huleta hasara.

Basi, kijana uchimbaye dhahabu Namoya, vumbi walijua kuliko sisi. Je, simu hiyo ikivunjika, fundi wake utampata wapi hapa Salamabila? Simu ya kawaida yatosha kupeleka habari. Fedha iliyotoka shimoni kwa jasho na hatari, ilipe kwanza ada ya shule ya wadogo zako. Elimu haikunjwi, wala haivunjiki.