Ziara ya Bustani ya Mimea: Miti Miwili Yatosha

Imekuwa desturi katika shule nyingi za msingi kuwapeleka watoto wa madarasa ya chini kwenye bustani ya mimea. Desturi hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Hata hivyo, namna ziara nyingi zinavyoendeshwa haturidhiki nayo. Watoto hupangwa mstari mrefu, mwalimu hutangulia akitaja majina ya miti, na walio nyuma hawasikii lolote. Wanaojua kuandika hunakili vibao. Jioni hurudi wamechoka, madaftari yamejaa maneno ya Kilatini, na wakiulizwa wameona nini, humtaja kunguru na muuza barafu.

Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa watoto wadogo achague miti miwili na swali moja.

Tuchukue mfano wa bustani ya mimea ya Dar es Salaam. Ilianzishwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ili kujaribu mazao ya kigeni. Walioipanda walikuwa na swali lao: zao gani litastawi na kuwaletea faida? Mtoto wetu naye anastahili kuingia na swali lake. Miongoni mwa miti inayojulikana sana ya bustani hiyo ni mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko ya mmea mwingine wowote duniani. Mtoto wa pwani anaujua mnazi wa kwao: amekuna nazi, amefagia kwa chelewa, ameona paa la makuti. Basi na aulizwe: minazi hii miwili inafanana wapi, na inatofautiana wapi?

Kazi ianze kabla ya safari. Mwalimu aende kwanza peke yake, autazame mti wenyewe, ajue kivuli, maji na choo viko wapi. Darasani, nazi yenye makumbi itiwe katika ndoo ya maji, watoto waione ikielea. Kule bustanini waketi kwa makundi ya watoto wanane. Walitazame jani la mnazi wa Shelisheli, lililokunjuka kama upepeo mfano wa jani la mvumo, walilinganishe na kuti, kisha wachore. Wakati huo mwalimu anyamaze. Wakishasema waliyoyaona, ndipo awaeleze kuwa mbegu nzima ya mti ule ni nzito mno, huzama majini. Nazi ya kawaida husafiri kwa mawimbi hadi pwani za mbali. Ile nyingine ilibaki Shelisheli mpaka watu walipoichukua.

Wapo watakaotupinga wakisema kwamba mzazi ametoa nauli kwa taabu, kwa hiyo mtoto aone kila kitu. Hoja hiyo ina uzito, maana nauli si jambo dogo kwa mkulima au mchuuzi. Kwa sababu hiyo hiyo twataka mtoto arudi na jambo awezalo kumweleza mzazi wake. Anayemweleza mama yake kwa nini nazi huelea ameirudisha nauli. Aliyenakili maneno asiyoweza kuyasoma hana la kueleza. Tena amefundishwa jambo baya, kwamba ujuzi uko kwenye kibao, na ayajuayo ya shambani kwao si elimu.

Shule zilizo karibu na Amani, katika Usambara Mashariki, zina bustani iliyoanzishwa mwaka 1902. Shule nyingi zaidi hazina bustani ya namna hiyo, na wengi wenu mtapangiwa huko. Msikate tamaa. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja. Watoto watazame majani na mashada ya maua ya miti hiyo, wautafute ujamaa wake, ila wasiguse utomvu, kwa kuwa huwasha na kuunguza ngozi.

Mwalimu aliyezoea kuuliza chini ya mwembe wa shule atajua la kufanya siku atakapopata basi la kwenda bustanini. Asiyezoea, hata akipelekwa penye miti elfu, ataendelea kusoma vibao.