KIINGILIO CHA BENDI, MUZIKI WA FLASHI! KIBITI MMETUONAJE?

Wiki nzima kimya, wengine mmenitumia meseji mnauliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa napoza hasira kwanza, maana ningeandika usiku ule ule ningetukana.

Jina la kundi silitaji. Ni kundi la taarab ya kisasa, la siku nyingi, na aliyekuwepo ukumbini Idi pili analijua. Ambaye hakuwepo asianze kukisia hapo chini, komenti yenye jina naifuta. Yapo makundi yanayofanya kazi yao vizuri na sitaki yaingizwe kwenye mkumbo huu.

Ninachotaka mjue ni kwamba hawa watu ndio walionilea kimuziki. Nikiwa darasa la nne, la tano hivi, jirani yetu alikuwa na sabufa, na jioni ikifika mtaa mzima ni wao tu. Nyimbo za dakika kumi na tano nilikuwa nazijua mwanzo mwisho, mpaka pale kinanda kinapobaki peke yake kabla watu wa kuitikia hawajaingia. Sekondari wenzangu walijaza memori kadi zao Bongo Fleva, mimi nikajaza taarab, nikaitwa "Shangazi" mpaka namaliza form four. Sikujali. Ila laivu nilikuwa sijawahi kuwaona hata siku moja.

Na kwa huku kwetu hiyo si ajabu. Mnakumbuka 2017, kipindi cha yale mauaji, bodaboda zilipigwa marufuku usiku, ikifika saa 12 jioni kila mtu ndani kwake. Nani angepiga taarab hapo? Taarab ni ya usiku. Mambo yakatulia, lakini jina la Kibiti likabaki linatisha watu, mapromota wakawa wanapita Barabara ya Kilwa moja kwa moja wanaenda zao Lindi na Mtwara. Halafu 2024 mafuriko, Rufiji na Kibiti watu wakapoteza mashamba na nyumba. Kwa hiyo bango lilipobandikwa stendi, limeandikwa LAIVU BILA CHENGA, sura nane zimepangwa na nguo za kung'aa, mimi nilisimama pale kama mtoto. Kiingilio elfu kumi. Kwa hapa kwetu hiyo ni hela, msije mkasema ni ndogo.

Nikampigia shangazi yangu. Shangazi anakaa huko delta, anauza kamba wakavu, na ni shabiki kuliko mimi. Kwa wasiojua delta: huwezi kuamka tu ukasema natoka. Unasubiri maji. Yakipwa, chombo kinakaa kwenye tope na wewe unakaa. Kwa hiyo alitoka siku moja kabla, akafika Nyamisati, akapanda gari mpaka Kibiti mjini, amebeba dera jipya kwenye mfuko wa rambo ili lisilowe. Na alikuwa amevunja hela kabisa, noti za elfu mbili mbili, amezifunga kwenye pindo la kanga. Za kutunza hizo.

Shoo ilitangazwa saa nne usiku. Wakapanda saa sita. Sawa, taarab ina mwendo wake, hapo siwalaumu. Kwenye bango watu nane, jukwaani nikahesabu waimbaji watatu, mpiga kinanda mmoja, na kijana wa laptopu amejificha nyuma ya spika. Nikajipa moyo, labda wengine wanakuja na gari la pili.

Wimbo wa kwanza ukaanza, ukumbi ukalipuka, na mimi nikalipuka. Dakika mbili za kwanza nilikuwa nalia, sifichi. Halafu kwenye ubeti wa tatu kukaja kile kicheko. Kwenye rekodi mwimbaji anacheka kidogo katikati ya maneno, kicheko kifupi, tunakijua wote. Kikaja vile vile, sehemu ile ile, urefu ule ule. Nikamwangalia mdomoni dada wa watu, wala hakuwa anacheka.

Nikaangalia kinanda. Mimi nilikaa mbele kabisa. Waya wa kinanda ulikuwa umekunjwa, umefungwa na mpira, umelazwa juu ya stendi. Hakijachomekwa popote. Jamaa anapapasa vitufe na kutikisa kichwa kama anasikia utamu.

Baya zaidi linafuata. Wimbo wa pili, ule mkubwa kuliko yote, aliyeuimba kwenye rekodi hayupo tena kwenye kundi. Aliondoka miaka mingi, kila mpenzi wa taarab anajua. Sauti iliyotoka kwenye spika ni yake! Aliyeshika maiki ni mwingine. Kwa hiyo mtu yupo kwake amelala, sauti yake iko Kibiti inakusanya viingilio, na sidhani kama kuna aliyemtumia hata nauli.

Shangazi hayo yote hakuyajua, yeye alikuwa anacheza. Kibwagizo kilipofika akafungua pindo, akaenda mbele kwa mwendo ule wa kina mama wa Pwani, taratibu, mkono juu, noti moja moja. Yule dada akainama kupokea. Akafumba mdomo, akatabasamu, akasema "asante mama", maiki imeshushwa mpaka kiunoni. Na sauti ikaendelea kuimba! Ukumbi mzima ukacheka. Wapo waliomcheka msanii, lakini na shangazi yangu naye alichekwa, kasimama pale na noti zake. Hajamaliza hata kutunza, wimbo ukakatika, maana flashi imefika mwisho.

Aliporudi akaniuliza, "Baba, yule mwanamke anaimbia tumboni?"

Nilikosa jibu.

Sasa nije kwa wajuaji. Tangu niseme hili kijiweni nimejibiwa na watu watatu neno lile lile: taarab ya kisasa si ni mashine tu toka mwanzo, unalalamika nini?

Hapana. Tuelewane hapa. Ikhwani Safaa wapo Zanzibar tangu 1905, wana udi, ganuni, fidla. Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Miaka ya 90 East African Melody wakaja na vinanda vya umeme, wazee wakapiga kelele kwamba taarab imekufa, hii ni rusha roho, haina ala, haina adabu. Sisi watoto wa sabufa tumewatetea watu wa kinanda miaka yote hiyo. Tulisema kinanda ni ala kama ala nyingine, kina mtu nyuma yake. Na kweli. Mdundo unaweza kuwa umehifadhiwa ndani, lakini mpiga kinanda anamsubiri mwimbaji. Mama akija kutunza anauzungusha ubeti, anauzungusha tena, mwimbaji anamtaja mama kwa jina, jirani mwenye bifu naye anasimama na yeye kwenda kutunza. Enzi za TOT na Muungano, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, mtu alikuwa anajibiwa palepale na ukumbi unagawanyika. Flashi haimuoni shangazi. Flashi haijui kama kuna mtu kasimama mbele na elfu mbili.

Kwa hiyo waliowapa wazee ushindi sio vinanda. Ni nyinyi mliokiacha kinanda bila waya.

Huko Marekani, Milli Vanilli walinyang'anywa tuzo ya Grammy mwaka 1990 kwa kufungua midomo kwenye sauti za watu wengine. Sisi huku tunatunza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Najua barabarani kuna shida. Mwaka 2011 wasanii zaidi ya kumi wa Five Stars Modern Taarab walikufa kwa ajali kule Mikumi wakiwa kazini, na mimi sitamlazimisha mtu asafirishe kundi la watu ishirini kila wiki. Najua pia promota anaweza kuwa ametoa hela ya watu watano akabandika sura nane. Basi semeni! Andikeni kwenye bango: waimbaji watatu, pleibeki, kiingilio elfu tatu. Tungekuja. Haki ya Mungu tungejaa, na shangazi angejua noti zake azibakize kwenye kanga. Mbona Dar hamthubutu? Mngefungulia flashi Mbagala mpaka saa hizi mngekuwa mnaokota viatu. Mmeona hawa wametoka kwenye mikoko, hawajaona laivu miaka, watajuaje.

Tumejua. Tena waliojua wa kwanza ni watoto wa kuuza maji mlangoni, wameanza kumuiga yule dada, wanafumba mdomo na simu inaimba mfukoni.

Shangazi amesharudi delta na maji ya alfajiri. Noti nne zimebaki. Jana kanipigia anauliza kama yule aliyeondoka kwenye kundi bado anaimba, na kama anaimba, anaimbia wapi, yuko tayari hata kumfuata Zanzibar. Anayejua aniandikie hapo chini, nimpelekee majibu. Jina lake sitaji, lakini mnamjua.