Barabara ya Bunia–Kasenyi: mitaro kwanza, lami baadaye

Hapa Kilo mtu akitaka kujua kama barabara ya Kasenyi inapitika, hana lazima ya kupiga simu Bunia. Aende tu sokoni kuangalia samaki. Ngege mbichi akikosekana na makayabo yakipanda bei, tunajua mvua imeharibu njia chini ya Bogoro, ao kuna fujo. Sisi ni watu wa dhahabu na ziwa liko mbali nasi, lakini sehemu ya chakula chetu inapanda ule mlima.

Mlima wenyewe si wa mchezo. Bunia iko karibu mita 1,270 juu ya bahari, na Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Safari nzima hadi Kasenyi haifiki kilomita 60. Bogoro iko kama kilomita 25 kutoka Bunia. Dunia ilisikia jina lake kwa sababu ya mauaji ya tarehe 24 Februari 2003 na kesi za La Haye. Wanaosafiri wanaijua pia kwa sababu nyingine: ukiipita, njia inaanza kuteremka kuelekea ziwani, na ndiko inakoumia. Ni udongo mwekundu kwenye mteremko, mvua ya Machi hadi Mei, kisha ile ya Agosti hadi Novemba. Maji yasipopata mtaro pembeni, yanajichimbia mtaro wao katikati ya njia. Kamioni iliyojaa inapita nyuma yao na kumaliza kazi.

Kila mkubwa akifika kwetu anazungumza juu ya lami. Mimi sikatai lami. Lakini lami isiyo na mitaro inakufa pia, na inakufa kwa bei kubwa zaidi. Tunangojea jambo kubwa litoke Kinshasa, huku lile dogo ambalo mikono yetu inaliweza limelala.

Wazee wanawakumbuka makantonie. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha njia, jembe lake na panga lake. Alifyeka majani, alizibua mtaro, alijaza shimo likiwa bado dogo. Ndiyo kazi yote, na hakuna mashine iliyoleta kitu bora kuliko hicho kwa barabara ya udongo. Wazo hilo halijafa. Inchi yetu ina kamati za wenyeji za kutunza barabara, zile zinazoitwa CLER, ambazo zinaweza kufanya kazi pamoja na Office des Routes. Tena kuna FONER, mfuko uliowekwa na sheria ya mwaka 2008, ambao pesa zake zinatoka kwenye mafuta na kwenye péage. Maana yake, mtu wa motari anayenunua mafuta amekwisha kuchanga. (Mafuta ya magendo ni hadithi nyingine, tuiache leo.)

Basi naomba hivi: kantonie alipwe kila mwezi, kwa siku inayojulikana, kwa kipande alichokitunza. Na katika kuandika majina, familia zilizokimbia ziwe na nafasi yao, wanawake kama wanaume. Mtu aliyeacha shamba lake Djugu na sasa analala chini ya hema Bunia anajua jembe kuliko sisi wa mikrofoni. Asipewe kazi hiyo kwa huruma. Apewe kwa sababu anaiweza.

Halafu kuna barieri. Zamani katika inchi hii kulikuwa na barieri ya mvua. Mvua ikinyesha, fito inashushwa, kamioni zinangoja mpaka udongo ukauke, dereva akasirike asikasirike. Barieri ilikuwa inalinda barabara. Leo fito inapanda kwa pesa, hata kama udongo umelowa kama uji. Wengine wanaoishika wana sare, wengine wana bunduki bila sare, wengine wana kamba tu na sauti kali. Dereva analipa, anaongeza kwenye bei ya mzigo, muuza samaki naye anaongeza. Anayemaliza kulipa ni mama mwenye sufuria, na barabara haikupata hata mfuko mmoja wa changarawe.

Najua wako kati yenu wanaoogopa barabara nzuri. Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vilipowaka Djugu, watu zaidi ya 40,000 walivuka ziwa kwenda Uganda kwa mitumbwi na boti, wengi wakipitia Tchomia na Kasenyi. Aliyekimbia namna hiyo ana haki ya kuuliza: njia ikitengenezwa, si wenye silaha watafika upesi zaidi? Ni swali la kweli. Jibu langu ni kwamba wenye silaha wanapita porini na hawangojei mtaro. Wanaokwama kwenye matope ni ambulansi, mzigo wa chakula, na askari waliotumwa kusaidia. Naye anayetaka kurudi kwake pwani kushika nyavu hawezi kurudi mahali ambapo mgonjwa hawezi kutoka.

Wengine watasema usalama kwanza, barabara baadaye. Lakini tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi. Anayeongoza jimbo ndiye anayesimamia usalama, ndiye pia ambaye amri yake inaweza kuondoa fito zisizo halali. Ofisi moja haiwezi kungojea ofisi nyingine wakati zote mbili ziko chini ya bendera moja na mkubwa mmoja.

Kitu cha kuanzia hakihitaji mfadhili. Kabla ya mvua za Agosti, ubandikwe ubao mmoja Bunia, mmoja Bogoro, mmoja Kasenyi: mwezi huu barabara imeingiza pesa kiasi gani, na mtaro umechimbwa mita ngapi, kutoka wapi hadi wapi. Mistari miwili tu. Wakituletea nakala yake, tutaisoma hewani kila mwezi, kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema na Kinyali, na wasikilizaji wanaopita pale watatuambia kama mita hizo wameziona.