GARI LIBAKI BARABARANI, MTU APITE

Sisi wa Kitale na Bungoma bahari hatuna. Ukitaka kuiona huna budi kuvuka nchi nzima hadi Mombasa, safari ya usiku kucha na zaidi. Hivyo basi najua wengine mtauliza: huyu wa huku milimani, suala la magari kuingia ufuoni linamhusu nini? Linanihusu, tena sana. Ufuo wa mtu wa Bungoma ni ukingo wa mto.

Mjadala huu ulizuka bwenini wenzetu waliozuru pwani waliporudi. Walilalamika ati basi lilisimama mbali, wakabeba vyakula na mizigo juani hadi majini. Mmoja akasema ufuo ni wa umma, na gari la abiria pia ni la umma, basi liachwe literemke mpaka mchangani. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Nusu ya neno lake ni kweli. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Mito na maziwa ni hivyo hivyo. Kwa hivyo mwenye hoteli au jumba la kifahari hawezi kukuambia ufuo ni wake. Kinachofanyika ni ujanja tu: ufuo unaachwa wazi, lakini vichochoro vya kuufikia vinazibwa kwa kuta. Ule ufuo wa Jomo Kenyatta huko Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, hufurika watu siku za sikukuu kwa sababu pale mwananchi wa kawaida anaingia bila kuulizwa ametoka wapi. Hapo niko pamoja na mwenzetu: vichochoro vifunguliwe.

Lakini haki ya mtu kufika ufuoni si haki ya magurudumu. Kasa hupanda mchangani usiku, akachimba na kutaga, na mayai hukaa humo takriban miezi miwili. Gari likipita juu, mchanga hushindiliwa. Na hata vifaranga wakitoka salama, alama ya gurudumu kwao ni handaki. Wanahangaika humo mpaka kaa na ndege wawapate. Huko Afrika Kusini waliliona hili, na tangu mwaka 2002 magari ya starehe hayaruhusiwi fuoni ila kwa kibali.

Sasa turudi kwetu. Kwenye kijito karibu na nyumbani, upande wa Bungoma, njia ya kuteka maji ilianza kuwa njia ya pikipiki, ikawa ya matatu, sasa ni ya malori. Wanaingia nayo hadi maji yafike nusu ya magurudumu, redio ikivuma, wanaosha. Hatua chache chini yao akina mama wanateka maji ya kupikia, na juu ya maji hayo umetanda utando wa oili wenye rangi za upinde wa mvua. Ukiwauliza wale vijana, watakujibu, "Kwani mto ni wa babako?" Si wa babangu, na ndiyo maana nauliza! Isitoshe, uchafu huo haubaki kwetu. Kuywa na mito mingine ya Mlima Elgon huingia Nzoia, na Nzoia hutoka Cherangani ikasafiri zaidi ya kilomita 250 hadi Ziwa Victoria. Watu wa Budalangi wanapokea tulichoosha sisi.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima na kujenga karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka ukingoni. Mama yangu ameambiwa ang'oe sukumawiki zake. Lori, je? Lori linapita palepale zilipokuwa sukumawiki mpaka katikati ya maji, na hakuna anayelisimamisha.

Najua wale vijana wanatafuta riziki. Binamu yangu ni mmoja wao. Simwombei afukuzwe. Pampu ndogo, mpira wa maji, na shimo la kunasa oili mbali na mto vingemtosha, na kaunti ikimtengea kiwanja kando ya barabara atapata wateja wengi kuliko huko bondeni. Aidha, mzee au mlemavu asiyeweza kutembea apewe nafasi gari lake lifike karibu, na mvuvi ashushe mashua yake. Hao si wengi, na si wao wanaoharibu.

Na wanaosema watu hawaendi mahali pasipofika gari, jamani, hawajafika Saiwa, hapa tu karibu na Kitale, kwenye barabara ya Kapenguria. Ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1974, ndogo mno, karibu kilomita 3 za mraba, na gari haliingii hata la nani. Unatembea kwenye vijia vya mbao juu ya kinamasi, unapanda ulingo, unamngoja nzohe atokeze kwenye matete. Wageni wanatoka ng'ambo kuja kutembea hapo kwa miguu. Nimemwomba mlezi wa chama chetu ziara ya muhula ujao iwe huko. Basi litabaki langoni, na mwenye mizigo ya vitafunio ajue ataibeba mwenyewe.