WACHEZAJI WETU WASIWE PAMBA GHAFI

Kila mwaka ligi inapomalizika, mpira wa miguu katika nchi yetu huhama uwanjani ukaenda mezani. Hapo ndipo linapofunguliwa dirisha kubwa la usajili, na viongozi wa vilabu huanza kuwatafuta wachezaji ambao mikataba yao imekwisha, wale waitwao wachezaji huru, pamoja na wale ambao vilabu vyao viko tayari kuwauza. Magazeti hujaa majina. Wapenzi wa timu hushangilia saini kama wanavyoshangilia mabao. Hatuoni ubaya katika furaha hiyo. Lakini ni wajibu wetu kuuliza swali moja ambalo halisikiki vya kutosha katika kelele hizo: Je, katika biashara hii Mkoa wa Mwanza ni mnunuzi, ni muuzaji, au ni shamba tu?

Swali hili halikuzuka bila sababu. Wakongwe wa Mwanza wanaikumbuka Pamba, ile TP Lindanda, iliyotwaa ubingwa mwaka 1990 na kuheshimiwa na vilabu vikubwa vya Dar es Salaam. Jina lake lilitokana na zao lililowalisha wananchi wa Usukuma, na bahati yake ilifuatana na bahati ya zao hilo. Baadhi ya wachezaji wake hodari, kama vile George Masatu na Nteze John, walikwenda kuivalia jezi Simba. Mwaka 2001 Pamba ikashuka kutoka Ligi Kuu, ikakaa nje kwa muda wa miaka 23, hadi ilipopanda tena mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza.

Katika miaka hiyo ya ukiwa, timu nyingine za mkoa huu zilipanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Toto Africans ilishuka mwaka 2017. Mbao na Alliance zilishuka pamoja mwaka 2020. Gwambina ya Misungwi, wilaya ileile kilipo Kigongo, iliingia Ligi Kuu mwaka huo wa 2020, na mwaka uliofuata ikatoka. Haiwezekani kwamba timu zote hizo zilikosa wachezaji. Ardhi hii haijapata kukosa wachezaji. Kilichokosekana ni njia ya kuwapata kwa utaratibu, kuwatunza, na kupata haki yetu wanapoondoka.

Tuchukue mfano wa Mbao. Mwaka 2017, ikiwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu chini ya mwalimu Etienne Ndayiragije kutoka Burundi, timu hiyo changa iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho hapo Kirumba. Katika fainali iliyochezwa Dodoma tarehe 27 Mei, Simba waliifunga mabao 2 kwa 1, tena baada ya muda wa nyongeza. Nchi nzima iliona kwamba vijana wasio na majina makubwa wanaweza kusimama mbele ya matajiri. Lakini dirisha la usajili lilipofunguliwa, matajiri wale wale walikuja kuchukua walichokiona. Mchezaji mmoja wa Mbao alijikuta ametia saini kwa Simba na kwa Yanga pia, akafungiwa na Shirikisho kabla jambo hilo halijamalizwa kwa maelewano. Miaka 3 baadaye Mbao ikawa nje ya Ligi Kuu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwazuia wachezaji wasiondoke. Sisi hatukubaliani na shauri hilo. Mchezaji ni mtu, si mali. Muda wake wa kucheza ni mfupi, na ana wazazi na ndugu wanaomtazamia. Huko Ulaya mchezaji Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji alilipeleka jambo hili mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kwenda klabu nyingine katika nchi za umoja huo bila klabu ya zamani kudai ada ya uhamisho. Kwa kanuni za FIFA, hata yule ambaye mkataba wake umebakiza miezi 6 anaruhusiwa kuafikiana na klabu nyingine. Hii ni haki, na nchi iliyopigania uhuru wake haiwezi kumnyima kijana uhuru wa kuuza jasho lake mahali anapopata bei nzuri.

Lakini uhuru wa mchezaji haufuti haki ya yule aliyemlea. Kanuni hizo hizo za FIFA zinaitambua klabu iliyomfundisha kijana tangu mwaka anaotimiza umri wa miaka 12 hadi mwaka anaotimiza 21. Kijana huyo anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine, na anapohama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kwisha kwa mwaka anaotimiza umri wa miaka 23, klabu zilizomfundisha hustahili fidia ya malezi. Tena, anapouzwa nchi za nje kabla mkataba wake haujakwisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa vilabu alivyopitia tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomtunza kwa misimu 4, tangu miaka 16 hadi 19, hupata asilimia 2. Akiuzwa kwa dola 100,000, klabu hiyo inastahili dola 2,000. Kwa klabu tajiri ya Ulaya hizo ni fedha za chai. Kwa timu ya wilaya ya Misungwi au Sengerema, hiyo ni mipira, viatu na nauli za msimu mzima.

Basi ni kitu gani kinachotakiwa ili fedha hizo zifike? Ni karatasi. FIFA huitazama rekodi ya usajili wa mchezaji tangu utotoni mwake. Klabu ambayo haikumsajili kijana katika chama cha mpira haimo katika rekodi hiyo, na asiyekuwa na rekodi hana dai. Timu nyingi za vijiji vyetu humchezesha kijana kwa miaka 5 bila kuandika jina lake popote isipokuwa katika kipande cha karatasi cha siku ya mechi. Kijana anapochukuliwa, timu hubaki na masimulizi kwamba huyo alikuwa wetu.

Wakulima wa pamba wa kanda hii wanaijua hadithi kama hii. Zamani za ukoloni walibeba pamba yao hadi kwa wanunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyesoma uzito ni mnunuzi, na aliyetaja bei ni mnunuzi. Wakulima hawakuacha kulima, wala hawakukataa kuuza. Walichokifanya katika miaka ya 1950, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, ni kuungana katika vyama vya ushirika na kuhakikisha kwamba mizani haidanganyi. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria. Katika mpira wa leo, mkataba ulioandikwa na daftari la usajili ndiyo mizani yetu. Bila hivyo tutaendelea kupeleka pamba ghafi na kuisoma bei magazetini.

Kuna jambo jingine la kujifunza, nalo linatoka mbali. Huko Marekani vilabu vya michezo mikubwa haviruhusiwi kuwanyang'anyana vijana wapya kwa nguvu ya fedha. Tangu mwaka 1936 ligi ya mpira wao hufanya mkutano wa uteuzi kila mwaka, ambamo timu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza kuchagua kijana imtakaye, na bingwa huchagua mwisho. Ligi ya mpira wa kikapu hufuata utaratibu wa namna hiyo, ingawa hupiga kura kwa zile nafasi za mwanzo. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipita mlango huo mwaka 2009, alipochaguliwa wa pili katika nchi nzima na timu ya Memphis Grizzlies. Inashangaza kwamba nchi inayojulikana kwa kuabudu soko huria ndiyo iliyoona kwamba, bila kumpa mnyonge zamu ya kwanza, hakuna ligi itakayobaki kuwa ligi.

Hatusemi kwamba utaratibu huo uletwe hapa kama ulivyo. Unamnyima kijana nafasi ya kuchagua mwajiri wake wa kwanza, na jambo hilo halilingani na kanuni za mpira wa miguu duniani. Tunachokitaka ni ile maana yake: vijana watazamwe hadharani, kwa siku inayojulikana, mbele ya vilabu vyote, na timu dhaifu isiwe ya mwisho kupata habari. Leo kijana huonekana kwa bahati, au kwa kuwa mjomba wake anamfahamu mtu fulani mjini. Huo si uteuzi. Ni bahati nasibu.

Hapo ndipo tunapoielekeza macho Kigongo. Kwa miaka mingi msafiri aliyefika hapo akienda Busisi alilazimika kusubiri kivuko, na siku yake ikapotea. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na safari ile ya kusubiri ikawa ya dakika chache. Daraja hilo limejengwa kwa ajili ya samaki, mazao, wagonjwa na biashara. Lakini limeondoa pia kisingizio cha viongozi wa mpira. Mwalimu wa timu ya Mwanza anaweza sasa kwenda kutazama mechi ya Sengerema na kurudi nyumbani kabla ya usiku kuingia. Na kijana anayecheza pekupeku kwenye mwalo jioni, baada ya kumsaidia baba yake kutandaza nyavu, hana sababu ya kuonekana kama yuko nchi nyingine.

Kwa hiyo tunatoa mashauri yafuatayo. Kwanza, chama cha mpira cha mkoa kihakikishe kwamba kila timu ya wilaya, pamoja na za shule na za vijiji, inawasajili vijana wake tangu umri wa miaka 12, na daftari hilo lilindwe. Pili, mkataba wa kijana uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na usomwe mbele ya mzazi kabla ya saini. Wazazi wafahamu kwamba kwa kanuni za FIFA kijana aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba unaozidi miaka 3. Tatu, baada ya michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, iwekwe siku ya wazi ya kuwatazama vijana bora wa mkoa, siku hiyo ikiwa mara Nyamagana, mara Misungwi, mara Sengerema, na hata Ukerewe. Nne, viwanja vifunguliwe. Uwanja wa Kirumba ni mali ya Chama, nacho Chama ni mali ya wananchi. Ingekuwa vyema vijana wapate humo siku zao, si siku za mechi kubwa peke yake.

Kwa viongozi wa Pamba Jiji na wenzao tuna neno la pekee. Tunajua kwamba timu inayopigania kubaki Ligi Kuu haiwezi kuwangoja watoto wakue. Inahitaji kipa mzoefu, mlinzi mtulivu, na mfungaji asiyetetemeka. Wachezaji huru wapo, na kuwachukua si kosa. Lakini mgeni huja na kuondoka, na timu inayobadilisha nusu ya kikosi kila dirisha hulipa kila mwaka gharama ya watu kufahamiana upya. Wachache wenye uzoefu wanunuliwe ili wawe walimu wa wengi waliozaliwa hapa, na kila dirisha lihesabiwe kuwa baya ikiwa hakuna hata kijana mmoja wa mkoa aliyepandishwa kutoka kikosi cha vijana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hakuna ndugu asiyetegemeka kama dirisha la usajili.

Kwa wapenzi wa mpira tunasema: mnapowauliza viongozi wenu amesajiliwa nani, waulizeni pia ameandikwa nani. Jina la kijana wa miaka 14 katika daftari la klabu halitangazwi redioni, wala halichezewi ngoma. Lakini jina hilo ndilo litakaloleta mchezaji baada ya miaka 5, na fedha ya haki baada ya miaka 10, hata akiwa amekwisha kwenda mbali nasi. Vijana wetu na waende popote duniani wanapotakiwa. Tunachokidai ni kwamba waondoke wakiwa wamepimwa kwa mizani ya kweli, na shamba lililowazaa lipate mbegu ya msimu ujao.