Mazungumzo ya Wenye Land Rover Si Porojo

Baada ya sala ya alasiri, katika baraza za Chake Chake, Wete na hata Unguja mjini, hukutana watu wanaomiliki au kuendesha Land Rover na magari mengine yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mpita njia asikiapo maneno mawili matatu hudhani hao ni watu waliokosa shughuli. Habari ya difu huingiliana na habari ya karafuu zilizonyeshewa juu ya majamvi, na kabla kikombe cha kahawa hakijamalizika wameshafika kwenye harusi ya binti wa jirani na wamerudi tena kwenye klachi.

Sisi tunaona kuwa wanaoyadharau mazungumzo hayo wanaitia hasara nchi.

Gari hili la Land Rover lina asili ya kisiwani. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alichora umbo lake mchangani katika pwani ya kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na mwaka 1948 lilitolewa hadharani. Bodi yake ilitengenezwa kwa alumini, kwani baada ya vita chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza. Kwa hiyo wengi huamini kwamba halishiki kutu. Wazee wa baraza wanajua zaidi. Bodi ni alumini, lakini chesisi ni chuma, tena chuma chenye uwazi ndani kama bomba. Zimo tundu ndogo za kutolea maji, na tope jekundu la Pemba huziziba. Maji ya chumvi yakishaingia hukaa humo humo, na chesisi huliwa kutoka ndani ilhali kwa nje imepakwa rangi ya kupendeza. Hata hiyo alumini, pale inapogusana na chuma na ikapata chumvi, huliwa na kutoa unga mweupe.

Mengine wayasemayo ni ya manufaa vile vile. Gari lililotoka mwendo mrefu, difu ikiwa moto, likitumbukizwa ghafla katika maji, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, na difu huvuta maji ikiwa njia yake ya kupumulia imeziba au sili zake zimechakaa. Dawa yake ni kufungua nati, kuyatazama mafuta, na yakiwa yamegeuka meupe kama maziwa, kuyamwaga siku hiyo hiyo. Asiyefanya hivyo hununua difu nzima. Na aliyepita ufukweni maji yalipotoka hana budi kuliosha gari kwa maji matamu kabla ya kulala, hasa chini, mahali ambapo jicho la mkubwa wa ofisi halifiki.

Sasa tuwatazame wenzetu wa maofisini. Dereva wa serikali naye huketi katika baraza hizo hizo, na anayajua yote haya. Lakini akifika kazini hukabidhiwa ufunguo na karatasi ya safari, basi. Akiripoti kwamba sili inavuja, barua yake huingia katika jalada. Mwezi wa pili huandika tena. Mwezi wa tatu beringi imevunjika, gari limewekwa juu ya mawe, na nyasi zimeota kwenye springi. Hatimaye hutangazwa mnada. Hulinunua mtu wa baraza, na baada ya muda mfupi gari lile lile linapanda kilima likiwa na magunia ya karafuu na watu juu yake! Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta huu tunaujenga kila mwaka kwa fedha za umma.

Anayeumia si mkuu wa idara, kwani yeye atapewa gari jingine. Anayeumia ni mama mjamzito wa kijiji cha ndani, anayebebwa juu ya kitanda wakati wa masika mpaka barabara kuu, kwa kuwa gari la kumfuata lilikosa sili moja.

Wapo wasemao kwamba miongoni mwa madereva wamo wanaochomoa kifaa kizima na kupachika kibovu. Ni kweli, na hatuoni sababu ya kuficha. Lakini hata hilo hujulikana barazani kabla ya kujulikana kwa mkaguzi. Wengine husema kwamba magari ya siku hizi yana kompyuta, na kwamba ujuzi wa Land Rover za zamani, ambazo ukoo wake uliishia kiwandani Januari 2016, umepitwa na wakati. Tunakubali kwamba injini ya kompyuta haifunguliwi kwa spana na busara peke yake. Mafundi wetu wapewe mafunzo na vyombo vya kuzipimia. Hata hivyo chumvi haijui gari jipya wala la zamani.

Kwa hiyo tunapendekeza kila gari la serikali liwe na daftari lake, anamoandika dereva kwa mkono wake alichokisikia na siku aliyotoa taarifa, na fundi naye aandike alichokifanya. Gari lisipelekwe mnadani mpaka daftari hilo limesomwa mbele ya dereva mwenyewe, na aulizwe: kifaa gani kilikosekana, na tangu lini? Jina la aliyeikalia barua lionekane. Na katika kila kituo kilicho karibu na bahari pawe na mahali pa kuoshea magari kwa maji matamu. Mpira na pampu vinatosha.

Tunawaomba wahusika waanze na magari ya afya, na waanze kabla ya mvua za Machi.