Nyumba ya Kijamii Ikishauzwa

Kuchanganya nyumba za kijamii na za kibinafsi maana yake ni kumweka mtu wa kipato cha chini na wa kipato cha kati katika jengo moja, wapande ngazi zilezile, na anayepita nje asijue mlango upi ni wa nani. Nakuru haukujengwa hivyo. Mji huo wa Kenya uliozaliwa na reli mwaka 1900 ulipangwa kwa rangi: Wazungu walichukua mteremko wa Milimani chini ya Menengai, Wahindi wakakaa karibu na maduka yao, Waafrika wakasukumwa chini upande wa ziwa, ambako baraza la manispaa liliwajengea wafanyakazi vyumba vya kupanga. Rangi ilitoka kwenye sheria, ramani ikabaki. Bondeni, Kivumbini, Flamingo na Kaloleni hadi leo ni mitaa ya wenye mshahara mdogo. Waliokosa nafasi katika nyumba hizo za kaunsili walikwenda magharibi, Kaptembwo na Rhonda, kwenye ploti za chumba kimoja kimoja. Naivasha, takriban kilomita 70 kutoka hapo, wafanyakazi wa mashamba ya maua wamejazana Karagita. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe nyumba au posho ya kodi, na mashamba mengi yameona posho ni nyepesi zaidi.

Mgawanyo huu ulipangwa na serikali, kwa hiyo serikali inaweza kuupangua. Nafasi hiyo ilikuja na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024, baada ya tozo ya kwanza ya nyumba kukataliwa mahakamani Novemba 2023. Kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Sheria inawagawa walengwa kwa kipato: wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii, wa kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu, waliozidi hapo ni wa nyumba za bei ya soko. Kundi la nne ni la nyumba za vijijini. Huo ni msingi mzuri wa mtaa wenye mchanganyiko. Kisha unaharibiwa na uamuzi mmoja, kwamba hata nyumba ya kijamii ni ya kuuzwa.

Mfano wa utekelezaji ulionekana Mei 2025, Rais William Ruto alipokabidhi nyumba 1,080 za kwanza za Mukuru, Nairobi. Chumba cha mita 20 za mraba kiliwekewa bei ya shilingi 640,000, na mwenye kukipata hulipa kama kodi, takriban shilingi 3,900 kwa mwezi, mpaka amalize kukinunua. Sherehe ilifana, funguo zikapokewa kwa machozi, na mtindo huo sasa unatajwa kama kielelezo kwa kaunti nyingine, Nakuru ikiwemo. Kielelezo hicho kina kasoro kubwa, na kasoro yenyewe haiko kwenye saruji.

Wanaotetea mauzo wana hoja tatu. Ya kwanza ni heshima: mtu aliyepanga maisha yake yote anastahili kuwa na hati yenye jina lake. Hiyo ni kweli, na hakuna anayemzuia kununua nyumba ya kundi la pili kipato chake kikipanda. Ya pili hutoka kwa wanunuzi wa bei ya soko, wanaohofu kwamba jirani anayepikia jiko la makaa ataishusha thamani ya nyumba yao. Hofu hiyo ipo, lakini ni hoja ya kupinga mchanganyiko wenyewe, na haisemi lolote kuhusu kuuza au kupangisha. Ya tatu ina sura ya uhasibu: nyumba zikiuzwa, fedha zinarudi na kujenga nyingine. Ingekuwa na uzito kama tozo isingekuwepo. Mfuko unaopokea kila mwezi sawa na asilimia 3 ya mishahara ghafi ya nchi hauwezi kusema kwamba usipomuuzia kibarua wa Karagita chumba chake utakauka.

Hoja inayoamua jambo hili ni nyingine. Nyumba ya kijamii ikishauzwa huanza kufuata bei ya soko, na mtu wa kipato cha chini hawezi kushindana na soko kwa muda mrefu. Chukua mfanyakazi anayepata shilingi 12,000. Malipo ya 3,900 peke yake yanameza karibu theluthi ya mshahara huo, kabla ya maji, tokeni za stima, nauli na karo. Mwezi mmoja wa ugonjwa unatosha kumtia kwenye deni. Wakati huohuo, chumba chake kiko kwenye jengo jipya lenye maji ya bomba na askari langoni, na karani wa benki yuko tayari kumlipa kodi inayozidi malipo yake ya mwezi. Mwenye chumba atafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeifanya: atampangisha karani, atarudi Kaptembwo kwenye chumba cha bei ya chini, na tofauti itamlipia mtoto shule. Hajaiba wala kudanganya. Amepewa mali, akaitumia kama mali.

Kenya imekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake. Mwaka 2009, chini ya mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa maghorofa ya muda Lang'ata. Baada ya muda si mrefu baadhi ya vyumba vilikuwa na wapangaji wa kipato cha kati, na waliokusudiwa walikuwa wamerudi Kibera wakikusanya kodi. Kabla ya hapo, mtaa wa Umoja uliojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wenye kipato cha chini uliangukia mikononi mwa tabaka la kati. Kila mara lawama imekwenda kwa wakazi: hawana shukrani, wamezoea mabanda. Lawama hiyo imechosha. Serikali inayompa mtu kitu cha kuuzika na kupangishika, kisha ikashangaa kwamba ameuza au amepangisha, haina budi kujilaumu yenyewe.

Sheria ya 2024 imejaribu kuziba pengo kwa kumzuia mnunuzi kuuza nyumba yake bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Kizuizi hicho kinazuia kitu ambacho si tatizo la kwanza. Nyumba za Lang'ata hazikuhitaji kuuzwa ili ziwatoke walengwa. Ilitosha mwenye nyumba kumkabidhi mtu mwingine ufunguo na kupokea kodi kwa simu. Bodi iliyoko Nairobi haitagonga mlango wa kila chumba Nakuru kuangalia nani analala humo. Na siku deni linapoisha, anayesalia ni mmiliki kama mmiliki mwingine yeyote, na mtoto wake ataurithi mtaa ambao hauna tena chumba hata kimoja kwa kibarua anayeanza kazi mwaka huo.

Uingereza ilikwenda njia hiyo kwa miaka mingi. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo, na zaidi ya milioni 1.5 ziliuzwa. Nyingi leo zinapangishwa na wamiliki binafsi kwa kodi kubwa kuliko ile ya halmashauri, wakati mwingine serikali ikimsaidia mpangaji kulipa. Scotland iliifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales mwaka 2019. Vienna haikuuza. Jiji hilo bado linamiliki nyumba takriban 220,000, kuanzia majengo ya miaka ya 1920, na mwalimu na mfagiaji wanaishi ngazi moja kwa sababu mwenye nyumba wao ni jiji.

Jibu la haraka kwa hoja hii ni kwamba nyumba za kupanga za umma nazo huharibika. Nakuru haihitaji kuambiwa. Nyumba za kaunsili zilizorithiwa na serikali ya kaunti mwaka 2013 zina kuta zilizochakaa na vyoo vya pamoja, kodi haikusanywi ipasavyo, na wapo wapangaji wanaompangisha mtu mwingine kwa bei ya juu. Hayo ni makosa ya usimamizi, na msimamizi mbaya anaweza kubadilishwa, rejista ikakaguliwa, paa likaezekwa upya. Nyumba iliyouzwa hairudi. Tena pamoja na uchakavu wao wote, mitaa hiyo ya kaunsili imefanya kazi ambayo hakuna mradi wa kuuza uliofanya: kwa miongo kadhaa imemweka mtu wa mshahara mdogo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka katikati ya mji.

Kuna mlango mwingine anaotokea mwenye kipato cha chini, nao huzungumzwa kidogo kuliko unavyostahili. Jengo la ghorofa lina gharama za kila mwezi: lifti, askari, usafi, kusukuma maji, taa za ngazi. Chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba ndani ya majengo ya ghorofa, wenye nyumba huunda shirika la kusimamia jengo, na michango yao pamoja na uzito wa kura zao hufuata ukubwa wa hisa. Mwenye vyumba vitatu vya kulala ana sauti kubwa kuliko mwenye chumba kimoja. Wenye hisa kubwa wakitaka kamera, bustani na lango la umeme, ada itapanda, na wa chumba kimoja atalipa sehemu yake ya vitu ambavyo hakuviomba. Kisha zitafuata kanuni: marufuku jiko la makaa, marufuku kuanika nguo kibarazani, marufuku kuuza mboga mlangoni. Kwa wenye mshahara mkubwa hizo ni kanuni za usafi. Kwa mama mboga, ya mwisho inamnyang'anya duka. London yalitokea yayo hayo mwaka 2019, ilipobainika kwamba katika mtaa mmoja mpya wa Lambeth watoto wa nyumba za kijamii walizuiwa kuingia uwanja wa michezo uliokusudiwa kuwa wa wote. Nani anaketi kwenye meza ya kuamua ada na kanuni ndilo swali, na mmiliki wa mita 20 za mraba mwenye malimbikizo ya miezi miwili hataketi hapo kwa nguvu yoyote.

Nakuru, lililopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lina nyumba mpya 605 Bondeni, na mitaa ya zamani ya kaunsili imo katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya. Ardhi hiyo ni ya umma, iko karibu na stendi, soko na hospitali, na mwekezaji yeyote anaitamani. Mchanganyiko wa kweli unawezekana hapo kwa masharti machache. Kaunti ibaki na umiliki wa sehemu maalumu ya nyumba katika kila jengo, theluthi kwa mfano, zikiwa zimetawanywa kwenye kila ghorofa badala ya kurundikwa kwenye jengo la nyuma. Zipangishwe kwa kodi inayopimwa kwa kipato, ada ya huduma ikiwa ndani ya kodi. Anayepanda kipato alipe zaidi au ahamie nyumba ya kununua, na nafasi yake iende kwa anayefuata kwenye orodha. Kaunti yenye theluthi ya hisa itakuwa na theluthi ya kura kwenye shirika la jengo, na kamera za lango hazitapitishwa bila kuulizwa mpangaji wa chumba kimoja ana uwezo gani. Wapangaji wa sasa wa Flamingo na Kivumbini wapewe mikataba hiyo kwa maandishi, ikitaja ghorofa na kodi, kabla ya tingatinga la kwanza kuingia.